Zege la Harare na Kahawa Yetu ya Mkumbi

Harare,
Mwezi wa kumi.

Mama Egno, mke wangu,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza manung'uniko, maana nikishaanza hutapata nafasi ya kuitikia. Hujambo? Egno na Skola hawajambo? Mgongo wa mama je, bado unamsumbua asubuhi? Mimi napumua, nakula na nalala. Afya ninayo. Kilichopungua ni furaha tu, na hiyo haiuzwi dukani.

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalisomeka, hata yale ambayo ningependa yangefutika. Uliandika: "Baba Egno, kahawa ya ng'ambo ya kijito imezeeka. Dawa hazishikiki, chama chetu cha ushirika kimelala, na hawa wanunuzi wapya wanakuja na mizani yao na maneno yao. Nataka kuing'oa nilime maharage na mahindi. Lakini shamba ni lako, na shemeji Osmund amekataza nisiguse hata tawi mpaka useme mwenyewe. Sema, niing'oe au niiache?" Halafu chini kabisa ukaongeza: "Kila mtu ananiambia bei itapanda mwaka kesho, na wewe unaniambia utarudi mwaka kesho. Naona wewe na kahawa mnaongea lugha moja."

Hapo umenichoma, mke wangu. Nimetembea na swali lako kazini na kitandani na sikuweza kulijibu, mpaka jana. Lakini kabla ya jibu lazima nikueleze yaliyotokea huku, kwa sababu mashindano yetu ya tenisi yamekufa. Najua utasema, nimemuuliza kahawa, ananijibu mpira. Nivumilie, vitu hivi viwili vimefungwa kamba moja.

Unakumbuka nilivyoondoka. Nilikuwa nimetoka kujifunza uashi misheni, ndevu zenyewe zinaanza, na Egno bado unambeba mgongoni. Nikavuka ziwa kwa meli kutoka Mbamba Bay na yule mkandarasi aliyekuwa akitafuta mafundi, nikakuambia ni msimu mmoja tu. Kazi tuliyoletewa ilikuwa kwenye klabu moja ya wenye nacho, yenye viwanja vya tenisi. Zamani viwanja vile vilikuwa vya udongo wa kichuguu. Walikuwa wanausaga, wanaumwagilia, wanaushindilia kwa roli mpaka unakuwa mwekundu na laini. Aliyekuwa akivitunza ni mzee Phiri, mtu wa Nkhata Bay, ng'ambo tu ya ziwa letu, ambaye kila alfajiri alivifagia na kuvinyunyizia maji.

Sasa wakubwa wa klabu walitaka mashindano ya kila mwaka, ya wachezaji wa kulipwa, watu wanaokula kwa raketi kama sisi tunavyokula kwa jembe. Watu hao hawakutaka kichuguu. Walitaka sakafu ngumu, ambayo mpira unaruka namna ile ile iwe Harare au Ulaya. Basi tukamwaga zege juu ya udongo wa mzee Phiri, tukasakafia, tukapaka rangi ya kijani, tukachora mistari myeupe. Mzee alisimama pembeni na mpini wa ufagio, akaniangalia napiga mwiko.

"Achimwene," akaniambia, ndivyo wanavyoitana kwao, kaka, "leo umenizika mzima mzima."

Nikacheka. Nilikuwa kijana, nilidhani ananitania.

Mashindano ya kwanza yalidhaminiwa na kampuni ya sigara. Mama Egno, ungekuwepo! Bendera kila mti, tarumbeta, waziri kwenye kiti cha mbele, watu mpaka juu ya ukuta. Alishinda Mjerumani mmoja mrefu, mwenye mikono kama makasia. Mimi nilisimama nyuma ya wavu, na kila mpira ulipodunda mahali nilipopiga mwiko kwa mkono wangu, nilijisikia mtu. Meneja akanishika bega akasema nibaki kutunza viwanja, kwa kuwa nyufa anazijua aliyemwaga. Nikabaki.

Sigara walikaa miaka michache wakaondoka, wakaja watu wa soda. Mdhamini akibadilika, kila kitu kinabadilika: bendera, kofia za wahudumu, na zile nyavu kubwa za kukinga upepo zinazozunguka uwanja, maana zimeandikwa jina lake. Za zamani zilitaka kuchomwa moto. Nikaziomba. Ndizo zile nilizokutumia kwa watu wa meli, ukazitandika kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Uliniandikia kwamba Egno alijifunzia herufi zake hapo, akichambua kahawa na kusoma jina la sigara, na kwamba kaka Osmund alisema sasa kahawa yetu itanunuliwa na wavutaji. Nilicheka peke yangu barabarani. Baadaye zikafuata za soda, kisha za benki. Kwa hiyo historia yote ya mashindano haya haiko hapa Harare. Iko kwako, juu ya vichanja, na kahawa imelala juu yake.

Lakini ona jambo hili. Mashindano yalikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba kwetu ni kuchuma. Hakuna hata mwaka mmoja niliochuma nawe. Skola alizaliwa wakati wa soda, baada ya likizo yangu ya kwanza. Nilipokuja tena kumwona, mara ile moja, alikuwa tayari anajua kukimbia, na alinikimbia mimi.

Mwaka wa kwanza wa benki ulikuwa mkubwa kuliko yote. Mchezaji wa hapa hapa, mwana wa dereva wa basi, alifika nusu fainali. Wapishi waliacha vyungu, wafua nguo waliacha mabeseni, sote tukapanda ukutani tukapiga kelele kwa lugha zetu zote. Akashindwa. Mzee Phiri alilia kama amefiwa, na hakuwahi hata kusalimiana naye.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuja simu ya upepo kutoka kwa kaka, kwamba baba amefariki. Nilikwenda kwa meneja na karatasi ile mkononi. Akaisoma, akaniambia pole, kisha akasema, "Fainali kwanza, Kastori. Msiba haukimbii. Mistari imefutika, nani mwingine ataichora?"

Nikachora mistari. Nilipiga magoti na brashi asubuhi ile, mstari mmoja baada ya mwingine, na najua saa hizo hizo huko Mkumbi walikuwa wanamwaga udongo. Sijawahi kukuandikia hili kwa sababu sikujua niliandikeje. Kila nilipouangalia uwanja baada ya hapo, niliuona kama kaburi ambalo sikulichimba.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuteremka. Benki ikauzwa, wenye benki wapya wakasema tenisi haiwaletei kitu. Akaja mdhamini huyu, akaja yule, wengine hata nyavu hawakuchapisha, walibandika karatasi. Wachezaji wakubwa wakaacha kuja. Wakawa wanakuja wale wanaopanda na wale wanaoshuka, wanalala wanne chumba kimoja, wanafua soksi zao wenyewe kwenye bomba la bustani. Kuna mmoja alikuwa amewahi kuchukua kombe letu enzi za sigara. Alirudi na goti limefungwa bandeji, akatolewa siku ya kwanza, na waliompigia makofi tulikuwa mimi, mzee Phiri na mwamuzi. Na kila mwaka, wakati wa kufunga, wakubwa walisimama wakasema, mwaka kesho tutarudi kwa kishindo. Tuliwaamini. Tulipaka rangi, tukaziba nyufa, tukangoja.

Mwaka huu mwezi wa saba ulifika, ukapita, hakuna aliyekuja. Hakuna aliyetangaza kwamba yameisha. Yalikoma tu.

Jana asubuhi meneja alituita. Sehemu ya viwanja imeuzwa kwa mfanyabiashara wa magari ya mitumba. Akatuambia tung'oe vyuma vya wavu, tufunike mistari ya zamani, tuchore mipya ya kupangia magari. Rangi ile ile nyeupe, brashi ile ile. Mzee Phiri alishika kamba upande mmoja, mimi upande mwingine. Tulipomaliza mstari wa kwanza, akasimama akanyoosha mgongo.

"Achimwene," akasema, "leo na wewe umezikwa."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimkalishe chini. Kisha akaniuliza, "Kwenu kuna mtu bado?"

"Yupo mke wangu. Na mama. Na watoto."

"Mimi kwetu hakuna," akasema. "Walioningoja wamekufa, waliozaliwa hawanijui. Mimi nitabaki nifagie magari."

Mchana akaja mwenyewe mwenye magari, kijana mwenye miwani ya jua. Akaniambia, "Nimeambiwa wewe ni mtu mwaminifu, nakutaka uwe mlinzi." Akanionyesha mahali pa kukaa: kile kiti kirefu cha mwamuzi. Hawakukiuza, wamekiacha pale pale. "Panda," akasema, "uone kama magari yote utayaona." Nikapanda. Miaka yote hii sikuwahi kukaa pale. Ukiwa juu unaona kila kitu, Mama Egno. Niliyaona magari yasiyo na wenyewe, na mzee Phiri anafagia kati yake. Nikasikia baridi mwilini, na jua lilikuwa linawaka. Nikateremka, nikamwambia kijana yule asante, tafuta mtu mwingine.

Sasa jibu lako. Ing'oe kahawa yote, Mama Egno. Usimngoje mtu wa mwaka kesho, awe mnunuzi wa kahawa, awe mimi. Naumia kuandika hivyo, kwani miche ile niliipanda na baba, na ndiyo niliyokuwa nikijiambia kila siku kwamba ipo, nitaikuta. Lakini aliyekuwa anaipogoa na kuichuma kwenye baridi ni wewe, si mimi. Nyavu za kwenye vichanja usizitupe. Zungushia bustani ya mboga, kuku watakuwa wa kwanza kuzuiwa na benki.

Ukishang'oa sasa, mvua zikianza majani yataota, na kufika mwezi wa tatu yatakuwa yamefika kiunoni. Hapo ndipo ngoro zichimbwe, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Na wewe unajua, kama mama yako na mama yangu walivyojua, mwanamke hawezi kuchimba ngoro mpaka mwanamume awe amekata majani na kuyapanga mistari kwa mistari, apate pa kufukia. Nimechora mistari ya watu wengine kwa muda mrefu sana. Hii ya kwako ni kazi yangu na nimekuachia ukiikopa kwa mashemeji. Nyengo yangu ya kukatia majani ipo juu ya dari la jiko, kama panya hawajala mpini.

Nitakuja, ila usimwambie mtu kwamba nakuja na chochote. Nakuja na nguo nilizovaa na mwiko. Aibu ninayo, sikufichi. Njia nayo ni ndefu, na mimi nimekuahidi mara nyingi, ndiyo maana safari hii sitaki uniamini kwa mdomo.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie ile nguo nzito niliyomtumia aivae asubuhi, asiiweke sandukuni akisubiri Krismasi. Kaka Osmund shikamoo yake, na shemeji mkewe umwambie uji wake bado naukumbuka. Katekista mwambie namshukuru kwa kuandika barua zako bila kuzipunguza makali. Skola mwambie baba yake hachekeshi sana lakini haumi. Egno mwambie nyavu nyingine hazitakuja, atafute vitabu.

Maneno yanayofuata hapa chini si yako peke yako. Kata kipande hiki umpe kaka Osmund akisome kwenye sengu, pale ukoo unapokula pamoja, wazee na ndugu wakiwa wamekula na wote wanasikia:

"Ndugu zangu, shikamooni. Ni mimi Kastori nasema, nikiwa na akili zangu. Mke wangu Hilda aing'oe kahawa ya ng'ambo ya kijito, asizuiwe na mtu. Mwezi wa tatu majani ya kufanyia ngoro nitayakata mimi. Lakini majani yakianza kukauka yakiwa yamesimama na mimi hamjaniona, basi kaka akate kwa niaba yangu, na kuanzia siku hiyo shamba lile si langu tena. Ni la Hilda. Asisumbuliwe juu yake na ndugu yeyote, wala na mimi nikija nimechelewa."

Ni mimi mumeo,
Kastori, Baba Egno.