Nyuzi ishirini, na sentensi moja isiyotoka

Ijumaa, Kinole. Mvua imeshindwa kuamua kama inanyesha au inaacha. Ukungu umeshuka mpaka migomba ya jirani siioni, na mimi nimekaa barazani na simu, najiona kama mtu aliyefunikwa na sufuria.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni.

Jumatatu masomo ya maandalizi ya kidato cha tano yanaanza mjini. Rafiki zangu wa Mwembesongo wameshajiandikisha. Baba aliniambia kwenye simu, "Ukitaka kurudi, mwage mama yako mkubwa, upande pikipiki uje." Basi. Sentensi moja tu ya kuaga. Wiki nzima ninayo mdomoni.

Tatizo ni visu.

Nilipoletwa huku kusaidia msimu wa mdalasini nilikuwa mzigo. Nilikuwa nachana magome, na gome lililochanika mnunuzi analitupa kwenye fungu la hovyo. Ila niligundua kitu: si mimi peke yangu, hata visu vilikuwa na makosa. Binamu yangu Zuhura akinoa alikuwa analaza kisu kabisa juu ya jiwe. Kinakuwa kama wembe, lakini baada ya matawi mawili tu makali yamejikunja. Mama yake, ambaye ndiye mama mkubwa, alikuwa anakisimamisha. Chake kinadumu, lakini kinateleza juu ya gome, inabidi akandamize mpaka usiku mkono unamuuma.

Nikatoa kipimapembe kwenye mkebe wangu wa hesabu. Nikapaka makali wino wa maka peni, nikanoa kidogo, nikatazama wino umefutika wapi. Ukifutika juu, mbali na ncha ya makali, umelaza mno. Ukifutika pale ukingoni tu, umesimamisha mno. Kwa pembe ya nyuzi kumi na tano, makali yakajikunja. Thelathini, kikateleza. Ishirini kila upande, gome likavulika zima kama soksi.

Kisu cha upana wa sentimita tatu, inua mgongo wake kama sentimita moja juu ya jiwe, umeipata ishirini. Ni sine hiyo, ile ya pembetatu! Niliisoma kwa Kiingereza, nikaifaulu kwa Kiingereza, nikaja kuielewa kwa Kiswahili, nimechuchumaa uani kwa watu.

Wakanisifia. Sitadanganya, nilipenda. Mimi ambaye darasani nilikuwa naomba Mungu mwalimu asinione, sasa watu wanakuja na visu vyao wananisubiri. Na sihitaji kuongea. Nainama, nanoa.

Ndivyo nilivyonasa.

Jana nikajiona nimepata akili. Nikachonga kabari kwenye kipande cha mfenesi, mteremko wake nyuzi ishirini kamili. Unaiweka juu ya jiwe, unalaza kisu kwenye mteremko, mkono ukishazoea ule mlalo unasukuma. Yeyote anaweza. Nikasema, kabari ibaki, mimi niondoke.

Leo asubuhi nikampa Zuhura. Akanoa, akaenda kujaribu kwenye tawi. Gome zima.

"Wee! Mama, njoo uone! Kibao kinajua hesabu kuliko mimi!"

"Kukushinda wewe hesabu siyo kazi," mama mkubwa akamjibu kutoka jikoni.

Mama Salumu wa nyumba ya chini alikuwa kwetu anajikinga mvua. Akaichukua kabari, akaigeuza huku na huku. "Na panga langu je, hii italifaa?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Mimi, bingwa wa kunyamaza! Lakini nikiulizwa kitu ninachokijua najisahau. Nikamwambia hapana, panga linapiga kuni, linataka makali manene, nyuzi ishirini na tano au thelathini. Kisu cha jikoni ndiyo chembamba.

"Basi nitengenezee kabari mbili, ya panga na ya kisu, mwanangu. Na wifi yangu naye atataka."

Mama mkubwa akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga, amejaa furaha. "Mmemwona mtoto wa mdogo wangu? Huyu haendi popote mpaka mdalasini uishe mlimani!"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Zuhura hana breki. "Mama, huyu si ana masomo Jumatatu? We, si uliniambia?"

Wote wakanigeukia. Mama mkubwa akaacha kucheka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Eti mwanangu? Una masomo?"

"Hakuna shida, mama mkubwa. Yatasubiri."

Hayatasubiri.

Tangu saa ile nachonga kabari ya panga na kujitukana kimoyomoyo. Maana hakuna aliyenifungia. Ningekuwa nimezuiwa ningelia, ningempigia baba, ningekuwa na wa kumlaumu. Nimeulizwa vizuri, mbele ya mashahidi, nikajifungia mwenyewe.

Na kuna jingine, hili sijamwambia hata Zuhura. Mjini hakuna anayenisubiri na kisu mkononi. Kule nitarudi kuwa yule wa dawati la nyuma. Nusu yangu inataka kubaki hapa niwe fundi wa kijiji mpaka nizeeke, na ndiyo hiyo nusu iliyojibu leo.

Nusu nyingine inataka kidato cha tano. Inataka sana.

Kesho asubuhi nitamwamkia mama mkubwa kama kawaida. Shikamoo. Ataitikia marahaba, ataniuliza nimeamkaje, na kila siku hapo najibu "salama" hata kama nina homa. Kesho sitasema salama. Nitasema, "Sijaamka vizuri, mama mkubwa. Nilikudanganya jana. Jumapili naomba nirudi nyumbani, masomo hayasubiri."

Nimeijaribu sasa hivi hapa barazani, kwa sauti.

Kuku mmoja amegeuka.