Riaan ameunganisha betri zote mbili

Marlize, siamini!

Gari letu la kulala limegoma kuwaka huku Kalahari. Mwanangu Liezl kifua kimembana, na mashine yake ya mvuke wa dawa inataka umeme. Hakuna umeme!

Kile kifaa kinachotenganisha betri ya injini na ya friji, Riaan alikitoa. "Mpenzi, kinakula volti, betri ya nyuma haijai." Akaziunganisha moja kwa moja. Friji imezinyonya zote, shoga. Zote mbili!

Namuuliza kwa nini. "Niliogopa soseji zitaoza."

Soseji, Marlize!

Mkulima mmoja ametupakia kwenye pikapu yake, mimi na mtoto. Riaan nimemwacha na friji yake.

Upington, kwenye hospitali, bado mbali. Namwimbia Liezl, tutafika tu. Ila ameacha kulia, na hilo ndilo linalonitisha.