Bei Khiyari, Neno Nililokusomea Vibaya

Mama yangu uliye mbele ya haki,

Nimekusomea Yasini asubuhi hii, kisha nikashika kalamu kwa jambo ambalo dua haikuniondolea kifuani. Barua hii ataisoma kila anayetaka, maana niliyoyaficha niliyaficha mbele ya watu. Nataka ijulikane nani alikusomea karatasi ya nyumba.

Unayakumbuka masika yaliyoshusha dari ya chumba cha juu. Boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa, chokaa ikidondoka mpaka kwenye sinia la wali, nawe ukicheka: "Leo hatuna haja ya chumvi." Nyumba ile ya Kiponda alikupa babu kwa mkono wake kabla hajafa, na kaka yako, Mjomba Haji, akampa shamba la Mkokotoni. Fundi alipokutajia gharama ya dari, ukaona huna njia ila kuiweka nyumba rehani kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akikopesha watu.

Rehani ulikuwa ukiijua. Bangili zako zilikwenda rehani mara mbili nilipokuwa skuli, na mara zote mbili zilirudi mkononi. "Rehani ni chako kimelala kwa mtu," ulikuwa ukisema.

Tukaenda pamoja kwa karani. Mimi nilikuwa nimeanza kusomesha skuli ya wasichana mwaka ule ule, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilivaa viatu vya visigino chini ya buibui, nikawa nakwenda mbele yako hatua mbili tatu, watu wajue nani kampeleka nani. Hilo peke yake linatosha kuniinamisha leo.

Karani akanipa karatasi nikusomee. Nilisoma mbio mbio kama mtoto anayetaka kumaliza juzuu akacheze. Nilipofika pale penye "bei khiyari" ukanishika mkono.

"Bei khiyari ndo nini, mwanangu?"

Sikuwa nikijua. Ningesema sijui, karani alikuwa pale pale, angetufahamisha. Lakini mwalimu mzima nisijue! Nikalitazama neno. Bei, kila mtu anaijua sokoni. Khiyari, nikajiambia, si ndiyo hiari? Nikakujibu bila ya kupepesa macho.

"Mmepatana bei kwa hiari, mama. Na kukomboa ni hiari yako, siku utapojaaliwa."

"Mbona hawakuandika rehani?"

"Ni rehani hiyo hiyo, kwa maneno ya kitabuni."

Ukauliza tena, kwa sababu ulikuwa na akili kunishinda mimi na vitabu vyangu: "Na hapa umesoma ntalipa kodi kila mwezi. Mwenye nyumba hulipa kodi ya nyumba yake?"

Karani akainua macho. Nikaona unaniumbua mbele yake. Nikakwambia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, "Mama, usintie aibu. Mambo ya karatasi niachie mimi."

"Haya mwanangu, we ndo uliyesoma." Ukatia dole gumba kwenye wino, ukabonyeza pale nilipokuonesha.

Kumbe bei, katika karatasi zile, si thamani ya kitu. Ni kuuza. Na khiyari ni nafasi anayoachiwa muuzaji ya kukirudisha kitu chake kabla ya muda kwisha. Muda ukipita, hana chake. Siku ile uliuza nyumba, mama, ukarudi kukaa ndani yake kama mpangaji, na kodi uliyokuwa ukilipa ilikuwa riba iliyovishwa buibui. Muda uliandikwa miaka miwili. Niliusoma kwa mdomo wangu nikaupita, maana kwa akili yangu hiari haina mwisho.

Ukashona kofia mpaka macho yakakutoka machozi. Ulipotimiza pesa za kukombolea, ulikwenda dukani umezifunga kwenye pembe ya kanga, na muda ulikuwa umeshapita siku kumi na tisa. Mwenye duka alikwambia kwa adabu zote, "Bi Mwanaidi, khiyari yako ishakwisha. Nyumba ni yangu." Ulirudi ukaniuliza mara moja tu:

"Zuwena, kumbe hiari hukwisha?"

Nilijifanya nasahihisha madaftari.

Haya yote ungeweza kuyaita ujinga, na mjinga husamehewa. Lakini jirani mmoja anayejua mambo ya mahakama alinambia tusikate tamaa, kwamba mahakimu wamewahi kuitazama bei khiyari kama rehani tu, wakamrudishia mtu haki yake. "Ila watataka kujua mlifahamu nini siku ya kutia saini, na nani aliyekusomeeni." Huyo "nani" ndiye aliyenifunga miguu. Nisimame mbele ya watu wote wa mjini niseme ni mimi, mwalimu? Nikaja nikakwambia nimeuliza, hakuna njia. Ule ulikuwa uongo, mama, nao sina cha kuutetea.

Tukahamia chumba kimoja Ng'ambo. Mjomba Haji akaja kutoka Mkokotoni, akakataa kukaa, akasema pale pale mlangoni, "Nyumba ya baba umeiuza kwa tamaa." Mimi nilikuwa nyuma yako na birika mkononi. Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Ukasema wewe.

"Sikusikia vizuri nliposomewa, kaka. Kosa langu."

Wala hukugeuka kunitazama, asije akafahamu. Miaka minne hakukanyaga kwako. Kila Idi ulimpelekea salamu kwa gari la shamba, na kila Idi hazikujibiwa. Kwenye maziko yako alisimama nyuma ya watu, akaondoka kabla ya kahawa. Wanawake wakanong'ona kuwa tamaa imekugombanisha na ndugu yako, nami nikakaa katikati yao nikipokea pole.

Ijumaa iliyopita nilipanda gari kwenda Mkokotoni. Nilimkuta Mjomba anafua nazi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kuacha kazi. Nikamweleza yote nimesimama, tangu kwa karani mpaka mlangoni Ng'ambo. Nilitaraji matusi, na kwa kweli nilikuwa nikiyataka. Akauliza tu:

"Mama'ko alijua kama we ndo uliyekosea?"

"Alijua."

"Tokea lini?"

"Tokea siku aliyorudi dukani."

Akaiacha nazi, akakaa chini kwenye makumbi. "Ungenambia yu hai, ningekwenda kumwomba radhi. Sasa nimwombe nani, Zuwena?"

Akalia, mama, mtu mzima yule mwenye mvi. Nilikwenda Mkokotoni kuutua mzigo wangu, nikamtwisha yeye.

Mungu akulaze pema. Sitokuomba unisamehe, maana najua ulishanisamehe pale mlangoni, na hilo ndilo nisiloweza kulibeba.

Ni mimi mwanao, uliyenisitiri bila ya mimi kukuomba.