Kifurushi Kimoja Tu

Nyumbani kwa bibi yako,
nyuma ya zahanati.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Hujambo huko? Unakula, au bado unashindia chai na kompyuta? Mimi mzima, ila magoti ndiyo yananigomea. Anayeniandikia ni shangazi yako muuguzi. Nimemwambia ole wake apunguze neno.

Dada yako amejifungua! Mtoto wa kike, na sauti anayo! Na wewe una mkono wako humo, ngoja nikwambie.

Zahanati ilipata kifaa cha kumpiga picha mtoto akiwa tumboni. Wakakichomeka kwenye kompyuta, kimya. Fundi akasema mfumo wa kompyuta mnaoutengeneza wewe na wenzako ni imara, hauzimikizimiki, ila programu zake zimezeeka, hazikitambui kifaa kipya. Na tumbo la dada yako limekaa vibaya, hatujui mtoto kalalaje. Usingizi ulinihama.

Fundi akataka kuweka toleo jipya zima, lile ambalo nyie wenyewe bado mnalijaribu. Shangazi yako akajisimamisha mbele ya meza. "Humu mna kadi za wajawazito wote. Ikigoma, utawazalisha wewe?"

Fundi akamrudishia, "Haya sista, kaa na uimara wako gizani!"

Wote walisema kweli, ndiyo maana walinichefua.

Ndipo kikaja kifurushi cha programu ulichokipigania wewe: programu moja tu mpya ya kukitambua kifaa, mmekijaribu juu ya mfumo uleule wa zamani, vingine vyote havikuguswa. Fundi akakiweka asubuhi. Mchana tukamwona mtoto, katanguliza makalio! Dada yako akakimbizwa hospitali kubwa, akapasuliwa salama. Nimepiga vigelegele mpaka koo limekauka.

Sasa nasikia wenzako wanataka kuufunga mlango kilikopitia kifurushi hicho, eti kukagua vifurushi vya namna hiyo kunawachosha. Waambie bibi kakataa! Mfumo usitikisike, sawa, watu wanauegemea. Lakini kipya kinachohitajika kipite, kimoja kimoja, kikikaguliwa. Wamechoka? Wapokezane zamu, mbona wauguzi wanapokezana! Na wewe usije ukanyamaza mkutanoni kwa aibu zako hizo.

Mjomba wako kinyozi anakusalimu, na jirani yetu Mama Kelele, na fundi pia, ambaye sasa anajisifu kama kazaa yeye.

Mungu akulinde, akupe afya na akili ya kula kwa wakati. Dada yako anasema jina la mtoto utatoa wewe. Toa zuri. Nyie watu wa matoleo, msije mkampa namba.

Wako akupendaye kuliko huyo mtakayeoana naye,
Bibi