Egiroli za Lurlene Nilizozipika Mimi

Nyumba 418, Mtaa wa Persimmon,
Greenville, Mississippi.
11 Agosti 2009

Mpendwa mdogo wangu Hosea (au Mchungaji, kama mkeo ndiye anayefungua bahasha),

Salamu nyingi kutoka kwenye joto letu hili. Goti lako linaendeleaje? Na Bernadine, sukari yake imeshuka, au bado anaificha keki chumbani? Mimi sijambo, ukiondoa macho, meno na mgongo. Viungo vingine vizima, ila havina kazi tena.

Nianze na habari njema. Kwenye mkutano wa ukoo mwezi uliopita nilipeleka sinia ya egiroli za kuku, zile manda za Kichina za kukunja na kukaanga, nilizozipika kwa mikono yangu hii, zikaliwa kabla ya mbavu za nguruwe. Watu walilamba vidole. Wengine walitokwa na machozi. Tangu ukoo wetu uanze kukutana, hakuna mwanamume aliyepika kitu kikapendwa namna ile.

Basi, sasa nisiendelee kukudanganya, wewe ni mtu wa Mungu. Ni kweli zililiwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyekula egiroli yangu. Subiri nikueleze.

Unakumbuka Lurlene wangu alivyojifunza kuzikunja kwa Bi Quon, kule nyuma ya duka la Wachina alikokuwa akipanga makopo. Bi Quon alikuwa akitia nyama ya nguruwe na kabichi. Lurlene akatia kuku wa sosi ya babekyu, ile ya nyama choma, maana alisema Bi Quon anajua kila kitu duniani isipokuwa sosi. Miaka thelathini na moja orodha ya vyakula vya mkutano ilitujia kwa posta, na kila mwaka mstari ulikuwa uleule: Egiroli, Lurlene.

Mwaka huu, wa kwanza tangu tumzike, orodha ilikuja mwezi wa tatu. Egiroli, Wilma Dean. Huyo ni mke wa binamu yetu Tyree, yule anayenunua za kugandishwa dukani na kuzipasha moto kwenye oveni mpaka zinakuwa kama soksi mbichi. Nikampigia Charlesetta, mtoto wa dada yetu, maana yeye ndiye mwenye orodha, na ukimsikia utadhani aliipokea mlimani.

"Mjomba, wewe leta barafu," akaniambia.

"Barafu?"

"Na vikombe, ukiweza. Wajane wote wanaume wanaleta barafu, mjomba. Hatutaki kuwasumbua."

Hosea, kuna siku nyingi nimetukanwa na watu waliojua kutukana, lakini lile la kutotaka kunisumbua liliniuma zaidi.

Nikaamua kupika. Mara ya kwanza nilimtoa kuku kwenye chungu cha umeme akiwa anafuka moshi, nikamfunga hivyo hivyo kwenye manda na sosi yake yote. Manda zikalowa, zikapasuka ndani ya mafuta, nikaungua mkono mpaka hapa kwenye saa. Mara ya pili zilishikana zote zikawa kitu kimoja, hata mbwa wa jirani alizunguka kwanza.

Mara ya tatu nilikaa nikamkumbuka yeye alivyokuwa akifanya. Mapaja ya kuku ndani ya chungu tangu asubuhi, moto mdogo, mpaka nyama inaachana na mfupa bila kuombwa. Anaichambua kwa uma mbili. Anaichuja sosi. Halafu anaitandaza kwenye sinia, anavuta kiti, anakaa na kikombe cha kahawa bila kufanya kitu saa nzima. Miaka yote ile nilidhani kachoka. Nilikuwa nikimuuliza, wewe mwanamke, tutakula leo au kesho? Kumbe alikuwa anasubiri kuku apoe. Hakunijibu hata siku moja. Alikunywa kahawa yake tu.

Basi nami nikasubiri. Nikatia kabichi iliyokatwa nyembamba, nikakunja, nikapaka yai pembeni ili zishike, nikakaanga nne nne, nikazisimamisha kwenye chujio zisilainike. Nikauma moja. Ililia kacha mdomoni. Nikakaa chini, Hosea, kwa sababu ilikuwa ya kwake.

Siku yenyewe nilifika na barafu yangu, mtiifu kama mwana-kondoo, na sinia juu yake. Nikaiweka mezani. Sasa, watu wetu unawajua. Hakuna anayeweka kitu kwenye sahani kabla hajajua nani kakipika. Saladi ya viazi ya mtu asiyejulikana inaweza kukaa juani mpaka ikaomba kurudishwa nyumbani. Wilma Dean ndiye aliyekuwa mbele ya mstari, koleo mkononi.

"Nani kapika hizi?"

Nyuma yake watu kama tisa wamenyoosha shingo. Nikaliona koleo linaanza kurudi nyuma. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Lurlene. Zilikuwa kwenye friza. Mimi nimezikaanga tu."

Wakajipanga kama wakati wa kushiriki meza ya Bwana. Mzee mmoja akavua kofia. Wakachukua moja moja, kwa adabu, hata wale ambao daktari amewakataza. Charlesetta alikula amefumba macho. "Mkono wa Anti Lurlene huu," akasema, "dunia nzima hakuna mwingine." Wilma Dean mwenyewe akarudi kuchukua ya pili, na ya tatu akaificha chini ya mkate.

Sitakuficha, nilifurahi. Furaha ile ilidumu kama muda wa kula egiroli mbili.

Maana zilipobaki mbili tu, Charlesetta akaleta karatasi ya foili, akaanza kuzifunga taratibu huku analia. Anazipeleka nyumbani, anasema, ataziweka kwenye friza yake na hakuna atakayezigusa mpaka siku ya mwisho. Nikaona hapana. Mzaha una mpaka wake hata kwa mtu kama mimi. Nikamwambia, "Binti yangu, kula. Nimezipika mimi, leo asubuhi."

Wilma Dean alikuwa na tonge mdomoni. Alilitema kwenye kitambaa, lilelile alilokuwa akilisifia, kisha akaniuliza, "Ulinawa mikono?"

Charlesetta akaifungua ile karatasi. Kisha akasema, "Mjomba, umemfanyia marehemu mchezo." Akazirudisha zile mbili kwenye sinia, akafungua daftari lake, akaandika mbele yangu, kwa kalamu ya wino: Mwaka ujao, Egiroli, Wilma Dean. Mjomba Arvell, barafu. Wengine wakarudi kwenye mbavu. Sinia yangu niliiosha mwenyewe pale bombani.

Hapo ndipo nilipo mpaka leo, na sijapoa. Mimi ndiye niliyemfanyia mchezo? Siku ya maziko walikula, wakafungasha sahani, wakaondoka wakisema tutakuja kukuona, mjomba. Tangu hapo simu yangu imelia mara nne, na mbili walikuwa watu wa bima. Wewe ulituma maua. Yalikuwa mazuri. Niliyatazama yakikauka kwa sababu sikujua yanafanyiwa nini.

Mimi na Lurlene hatukupata mtoto, unajua. Hakuna binti aliyesimama pembeni yake akatazama anavyokunja. Nilitazama mimi, nikilalamika njaa. Kama mkono wake haukuja kwangu basi umezikwa naye, na wale watu wanaomlilia wanataka uzikwe, mradi wasile kwa Arvell.

Mwaka ujao nitapeleka barafu kama ilivyoandikwa. Na sinia nitapeleka, na jina langu juu yake kwa herufi kubwa.

Nisalimie Bernadine, na mwanao Lucius, na yule mjukuu anayepiga ngoma kanisani vibaya. Dada Odessa anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mungu akulinde, akupe usingizi, na awape waumini wako masikio ya uvumilivu.

Bado jambo moja. Nasikia Julai ijayo utakuja kwenye mkutano, wanakupa ngao ya miaka hamsini ya mahubiri. Basi nakumbuka mahubiri yako ya kwanza, kanisa zima lilivyonyamaza, jasho linakutiririka, hata mama ameinamisha kichwa. Aliyesema "Amina, sema ndugu" kutoka kiti cha nyuma ni mimi, na nilikuwa hata sijabatizwa. Baada yangu ndipo wengine wakaitikia. Hujanilipa.

Kwa hiyo ukifika mezani, uliza kwa sauti nani kapika. Nitasema ni mimi. Kisha uchukue moja mbele yao wote, uitafune, umeze. Hata ikiwa mbaya, Hosea. Mahubiri yale yalikuwa mabaya.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata usipopiga simu,

Arvell