Bati la Pilipili na Mistari ya Kamera

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa Hidar

Picha imekatika tena! Mjomba alituletea kamera hii isiyo na waya ili tuone lango tukiwa sebuleni. Sasa pilipili za mwaka mzima zinakauka uani, gunia la pili limepungua, na kila jioni skrini inaandika: hakuna mawimbi.

Mama anamshuku Gash Werku, mlinzi wetu wa miaka tisa. "Kamera ikilala, mkono unaamka," alimwambia Bibi kwa sauti ya kufika langoni. Gash Werku akajibu hukohuko: "Mama mwenye nyumba, mimi nina vidonda vya tumbo. Pilipili nipake viatu?" Mama hakucheka. Amempa hadi Jumamosi mwizi ajulikane.

Nilitaka kumtetea. Nikala tu.

Jumanne, 2 Hidar

Nimesoma kijitabu cha kamera mara mbili. Antena isimame wima. Ukuta mnene hudhoofisha mawimbi, chuma huyazuia. Nimenyoosha antena, nikasogeza skrini hadi dirishani. Mistari minne ya mawimbi kati ya mitano! Gash Werku alicheka langoni, nikahesabu meno yake.

"Profesa, nimetoka vizuri?"

Vizuri sana, nikasema. Sidhani alisikia.

Bibi akauliza leo mistari mingapi. Huuliza kila siku. Anapenda masomo yangu.

Alhamisi, 4 Hidar

Nimeandika kila robo saa tangu nitoke shule. Saa tisa na nusu, minne. Saa kumi, minne. Saa kumi na robo — hakuna!

Nikatoka mbio. Gash Werku yuko kitini, anashona soksi. Si yeye! Nikageuka. Bati la kuanikia pilipili limeegeshwa dirishani kwa nje, limeziba skrini yote. Pilipili zikianuliwa, bati huwekwa pale. Miaka yote. Tumejizibia wenyewe!

Lakini anayeanua ni Bibi.

Ijumaa, 5 Hidar

Bibi alipoliegesha bati tu, nililiondoa kimyakimya. Mistari mitano. Bibi akafungua mlango mdogo wa lango, akatoa kifurushi chini ya netela, shuka lake jeupe la kujifunga. Nje alisimama Etiye Senait — dada yake Mama! Mama aliapa, tangu matanga ya Babu, kwamba dada yake huyo hatakula chochote kutoka nyumba hii.

Gash Werku aligeuza kiti, akatazama ukuta.

Anajua. Na amenyamaza wiki nzima.

Jumamosi, 6 Hidar

Mama ameapa kukaa mbele ya skrini mwenyewe leo. Ikikatika tena, Gash Werku aondoke. Blanketi lake limeshakunjwa. Nilimwuliza kwa nini hasemi. Akasema: "Bibi yako ndiye aliyenipa chakula siku ya kwanza nilipofika mjini. Zaidi ya hapo, niulize masomo tu."

Saa kumi na dakika kumi. Niko nje, naandika juu ya kizingiti cha dirisha. Ndani Mama anamimina kikombe cha tatu cha kahawa. Akikimaliza anahamia kwenye skrini. Bibi amejifunga netela. Kifuani pamevimba. Amepita akininong'oneza: "Mwanangu, niegeshee bati, mgongo unauma."

Mgongo! Asubuhi alibeba ndoo mbili.

Bati liko miguuni pangu, bado lina joto la jua. Nikiliegesha, Gash Werku anaondoka. Nikiliacha, Mama anamwona Bibi.

Kikombe kimewekwa chini. Kiti kimeburutwa.

"Wee, mistari mingapi?" Mama anaita.

Na Bibi, mkono kwenye komeo la lango, ananitazama mimi.