Tezi Iliyokataa Kunyamaza

Kisiwani Savai'i, Jumatatu

Dada yangu mheshimiwa Faapisa,

Pokea salamu zenye mvuke wa magimbi yaliyotoka sasa hivi kwenye mawe ya moto. Hujambo huko Auckland? Shemeji na baridi wanaelewana? Sisi wazima, na mimi nduguyo, msemaji wa kijiji, nimekuwa mtu wa kutajwa hata ng'ambo.

Najua ulisikia nimekonda. Dada, nilikuwa nakula! Jumapili nilimaliza paja la nguruwe nikaulizia jingine, na bado kitambaa cha kiunoni kikawa kinanidondoka. Moyo mbio, jasho tele, na siku moja mikono ikatetemeka nikamwaga 'ava, kile kinywaji cha heshima, mbele ya machifu. Pauli, msemaji mwenzangu mwenye kijicho, akaropoka kwamba wifi yako Mareta ananipikia upepo. Kesho yake kamati ya wanawake, wale wakaguzi wa nyumba, ikaja kumfunulia masufuria. Mareta akalia. Nikasema liwalo na liwe, nikapanda feri kwenda hospitali.

Daktari akasema kosa si la jikoni, ni la tezi ya shingoni. Sikia elimu hii: chini ya ubongo kuna kitezi kama punje ya choroko, ndicho chifu. Hutuma mjumbe aitwaye homoni, apite ndani ya damu hadi shingoni. Na tezi ya huko hutuma mjumbe wake mwili mzima, kuuambia uchome chakula kwa kasi gani. Yangu ilishika jukwaa. Chifu alishanyamaza kabisa, yenyewe inahutubu tu! Nikamwambia daktari hiyo ni tezi ya ukoo wetu, bila shaka. Alicheka hadi akavua miwani.

Nikarudi nikaifundisha kamati nzima. Wakamletea Mareta mkeka wa heshima, ule wa kusukwa laini, kumwomba radhi.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu badala ya simu. Tezi waliitoa hospitalini, kidonge cha asubuhi ndicho kinachoshika zamu yake. Lakini mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma yake, nami nilionywa kwamba unaweza kuumia. Sauti yangu iliyokuwa ikiamsha kuku wa kijiji cha pili imebaki mnong'ono. Huenda ikarudi, huenda isirudi.

Juzi tulifungua kanisa jipya. Wasemaji wote tukasimama uwanjani na fimbo zetu, kushindana kwa maneno nani ahutubie, kama ilivyo desturi. Nilijua nimekwisha. Pauli akawashinda wengine na kuwakalisha mmoja mmoja, tukabaki wawili. Akanigeukia, akasema, "Haya, bwana mdomo, sema wewe. Leo angalau masikio yetu yatapumzika." Akaketi.

Nikanong'ona. Dada, uwanja mzima ukainama mbele, hadi mbwa! Miaka yote ya kunguruma, sijawahi kusikilizwa hivyo.

Mareta anakusalimu; masufuria yake yamejaa. Nipigie Jumapili. Bandika simu sikioni, na shemeji asikohoe.

Mdogo wako, maneno bado ninayo,
Seumalo